Mafundi wa barazani mjini Kampala wameondolewa na nani hasa?

Mjukuu wa Kisenyi (mleta uzi)
Salaam wadau. Nina swali na jibu langu ninalo, nataka mnipinge kwa hoja.

Maduka ya zamani ya Wahindi kule chini mjini, kuanzia Barabara ya Namirembe, Mtaa wa Luwum, William, mpaka ukielekea Nakivubo, yalijengwa na baraza mbele. Paa limetokeza juu ya njia, nguzo zimesimama ukingoni mwa barabara, sakafu imeinuliwa ngazi moja au mbili. Hapo ndipo walipokaa mafundi cherehani, fundi saa, fundi viatu, muuza magazeti, mama wa njugu. Mvua ikishuka mji mzima ulijibanza humo na mwenye duka hakumfukuza mtu. Leo tembeeni muone ngapi zimebaki.

Watu wanasema askari wa jiji ndio waliowamaliza mafundi. Mimi nakataa. Askari alikuja, akaondoka, na jioni fundi akarudi. Kilichowamaliza ni majengo. Duka la zamani likivunjwa, plaza inayopanda pale haiji na baraza. Inakuja na ukuta wa vioo na mlango mmoja wenye mlinzi. Fundi atarudi wapi?

Boda wa Mengo
Umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Januari 2022 ulikuwa wapi? KCCA, yaani mamlaka ya jiji, waliposafisha barabara mwezi ule hawakuondoka jioni. Walikaa. Mtu akitandaza soksi mbili tu mbele ya duka, zinachukuliwa. Mimi napakia abiria stendi ya karibu na Old Taxi Park, ile paki ya zamani ya taksi za abiria wengi, niliona baraza zinakauka katika wiki moja. Majengo hayavunjwi kwa wiki moja.

Mjukuu wa Kisenyi
@Boda wa Mengo, hao ni wachuuzi wa kutandaza chini. Mimi nauliza mafundi, watu wenye cherehani na mkataba wa mdomo na mwenye duka. Usichanganye.

Boda wa Mengo
Gari la kubeba mizigo halikuuliza nani ana mkataba wa mdomo.

Haji Mstaafu
Assalaam alaykum. Vijana, mnaanzia mbali na mwanzo.

Lugard, yule afisa Mwingereza, alijenga ngome yake kilima cha Old Kampala mwezi Desemba 1890, na biashara ikaanza kujikusanya chini ya kilima kile. Allidina Visram, yule tajiri aliyeanzia Zanzibar na Bagamoyo, alifungua duka lake hapa Kampala mwaka 1898, bidhaa zikiletwa na misafara kutoka pwani kabla reli haijafika hata Kisumu. Hivyo duka la baraza lilitufikia pamoja na Kiswahili chenyewe, kwa njia ileile. Reli ilipoingia Kampala mwaka 1931, saruji na mabati vikaja kwa urahisi. Tazameni juu, chini ya paa za majengo yaliyobaki: mwaka umechorwa kwa saruji, mara nyingi na jina la mwenye nyumba. Mengi ni ya miaka ya 1930 mpaka 1950.

Mwenye duka aliishi nyuma au juu. Barazani alimweka fundi kwa faida yake. Unanunua kitambaa ndani, unashonewa nje. Fundi alikuwa sehemu ya duka, si mpangaji.

Sasa Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90. Maduka yakagawiwa, mengine yakawekwa chini ya Bodi ya Kusimamia Mali za Waasia Walioondoka. Aliyepewa duka mara nyingi hakuwa na mtaji wa kulijaza, bidhaa nazo zikaadimika. Akaanza kula kwa kukodisha baraza. Hapo ndipo mafundi walipoongezeka mpaka njia ikawa nyembamba. Baraza mnayoililia nyinyi, iliyojaa watu, ilizaliwa na uhaba.

Mchumi Mtaani
Haji amenena. Mimi naongeza kipande cha mwisho: Museveni alipotunga sheria ya kuwarudishia Waasia mali zao, warithi wengi walikuwa wameshatulia Uingereza na Kanada. Wakarudishiwa hati, wakauza. Walionunua ni wafanyabiashara wa hapahapa waliokuwa na fedha za Kikuubo, ule uchochoro wa maduka ya jumla. Mtu akinunua kiwanja ghali namna ile hawezi kuacha nyumba ya chini yenye baraza. Anapandisha ghorofa sita, kila ghorofa anaikata vyumba vidogo vidogo, mpangaji analipa kilemba kabla ya kuingia, kisha kodi ya miezi kadhaa mbele. Duka moja la zamani linazaa maduka mia. Ni hesabu tu, hakuna mchawi.

Haji Mstaafu
@Mchumi Mtaani, sheria ile ni ya 1982, wakati wa utawala wa pili wa Obote. Museveni aliisukuma itekelezwe, na kurudishiwa kwenyewe kulishika kasi miaka ya 1990. Tusimvishe mtu kanzu isiyo yake.

Mchumi Mtaani
Asante Haji. Hoja yangu inabaki palepale.

Nyuzi Nyeusi
Mimi ni fundi. Nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyemuuliza fundi, kwa hiyo naeleza mwenyewe.

Nilikaa barazani Mtaa wa William miaka mingi. Cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, benchi la mteja, pasi ya mkaa chini ya benchi. Usiku cherehani inalala ndani ya duka la vitambaa, nyuma ya milango ile ya mbao iliyoandikwa namba kwa rangi ili asubuhi ijulikane ubao upi unatangulia. Nililipa kidogo kila mwezi, na wateja wa duka walikuwa wateja wangu. Msimu wangu ulikuwa kabla ya shule kufunguliwa: mama anafika na sare ya mtoto iliyonunuliwa kubwa makusudi ili idumu, napunguza, naacha pindo refu ndani la kuja kufunguliwa mwakani. Anaketi, anasubiri, anaondoka nayo. Kazi ilionekana na mpita njia, na huyo mpita njia ndiye mteja wa kesho.

Mimi sikuondolewa na askari. Jengo letu pia halikuvunjwa, lipo mpaka leo. Mwenye nyumba alipiga geti la chuma kati ya nguzo na nguzo, akajenga ukuta mwembamba, baraza ikawa vibanda viwili vya simu. Alitupa notisi kwa mdomo. Ukipita leo utaona duka limefika hadi ukingo wa barabara, lakini ukiangalia juu nguzo zile zimo ndani ya ukuta.

Sasa niko ghorofa ya nne ya plaza. Mteja anapiga simu, "Fundi, niko chini, shuka." Nikishuka nani anabaki na cherehani? Mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa ununuzi hapandi ngazi nne kwa ajili ya pindo.

Mjukuu wa Kisenyi
@Nyuzi Nyeusi pole sana dada. Lakini si umenithibitishia? Ni jengo.

Boda wa Mengo
Ni mwenye jengo. Matofali hayajifungii geti.

Mama Kanga
Mimi nina duka ndani ya plaza na sitaki kuombolezwa. Mnaiimba baraza kana kwamba ilikuwa pepo. Mwanamke akitaka choo barazani alikwenda wapi? Usiku bidhaa zako unamwachia nani? Nilianza barazani mimi pia, nikiwa na kanga na mashuka juu ya meza. Wakati wa Krismasi msongamano ule ndio uliokuwa bustani ya wezi wa mifukoni. Plaza imenipa kufuli langu, taa, choo hata kama cha kulipia, na mteja wangu kutoka Juba au Goma anajua namba ya duka langu, anatuma mtu moja kwa moja. Kodi inauma, hilo sibishi. Ila kunirudisha juani, hapana.

Fimbo Nyeupe
Naunga mkono kwa sababu nyingine. Mimi sioni vizuri. Baraza za zamani kila moja ilikuwa na kimo chake: unatembea hatua kumi, sakafu inashuka bila taarifa, hatua tano mbele inapanda. Katikati kuna cherehani, kamba ya kuanikia nguo za kuuza, na mguu wa mtu aliyelala. Nilianguka zaidi ya mara moja.

Tangu Namirembe na Luwum zitengenezwe kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli, nina sehemu tambarare ya kupita na naijua kwa fimbo. Hayo ni mabadiliko mazuri na hakuna aliyeyataja.

Kondakta Mstaafu
Ile njia ya miguu ndiyo iliyoua biashara! Magari yamefungiwa kabisa Luwum na mteja mwenye gari hafiki.

Fimbo Nyeupe
@Kondakta Mstaafu, hayajafungiwa kabisa. Kuna vipande magari yanapita, na bodaboda ndiyo kabisa, zinapita hata kwenye vigae vya miguu. Nazisikia mgongoni kila siku. @Boda wa Mengo unanisoma?

Boda wa Mengo
Nakusoma dada. Mimi sipiti vigaeni, na nikimwona mwenzangu anapita nitamwambia.

Mama Kanga
Hahaha, sasa umepata askari wako mwenyewe.

Kondakta Mstaafu
Haya, tuache njia ya miguu. Lakini nani amekumbuka taksi? Biashara ya kule chini inalishwa na Old Taxi Park. Abiria anashuka, kabla hajafika anakokwenda ameshapita mbele ya maduka ishirini. Machi 2020 usafiri ulisimamishwa kwa ajili ya korona, kisha paki ikafungwa ikarabatiwe, taksi zikatawanywa pembeni pembeni. Abiria wakazoea kushukia kwingine. Paki ilipofunguliwa, wengine hawakurudi njia ile. Fundi anayekaa sehemu ambayo miguu ya watu imehama atafanyaje? Siyo askari, siyo jengo. Ni miguu.

Mchumi Mtaani
Hii nilikuwa sijaiwaza, na ina uzito. Ongeza kwamba mwaka huohuo 2020 plaza zilifungwa mpaka tarehe 27 Julai, wakati biashara nyingine zilishaanza kupumua. Wapangaji na wenye majengo waligombana sana juu ya kodi ya miezi ile. Wengi waliondoka hapo wakafungua vyumba vya mbele nyumbani kwao: Kawempe, Nansana, Kyengera. Mafundi wengi mnaowatafuta mjini wapo huko, mlango wa tatu kutoka kwenye kona.

Nyuzi Nyeusi
Ni kweli. Wenzangu wawili wako Nansana. Wanasema kazi ipo, ila ni ya bei ya mtaani.

Kijana wa Kamwokya
Wazee wangu, shikamooni. Mbona hamtaji simu? Mimi nauza viatu na sina duka wala baraza. Napiga picha, naweka kwenye hali yangu ya WhatsApp na TikTok, mteja analipa kwa simu, boda anapeleka. Nguo nazo: shati jipya kutoka China au la mitumba Owino linauzwa bei ambayo fundi hawezi kushona. Hata kama baraza zote zingebaki, nani angekaa barazani kusubiri shati wiki moja?

Haji Mstaafu
Marhaba mwanangu. Mitumba haijaanza jana. Soko la Owino lipo tangu 1971, na mafundi waliishi nalo vizuri, maana mtumba haukutoshi mpaka upunguzwe. Fundi alikula kwa mtumba.

Kisha yako mambo yasiyotoka China yakakaa mwilini. Kanzu ya harusi inataka taraza pale kifuani, kwa mkono wa mtu anayejua. Gomesi yenyewe tunaisifia kama vazi la heshima la mama zetu, na jina lake limetoka kwa fundi Mgoa aliyekuwa na duka hapahapa Kampala. Mji huu umevishwa na mafundi.

Kijana wa Kamwokya
Haji, nakubali kwa kanzu. Kwa jinzi bado nasimama nilipo.

Mwana Express
Natoka kidogo nje ya mada. Mnaongelea Nakivubo kama barabara tu. Uwanja je? Mwaka 2017 walivunja soko la Park Yard lililoegemea uwanja, watu wakakuta vibanda vimelazwa chini, halafu uwanja wenyewe ukavunjwa. Miaka saba hatukuwa na Nakivubo. Umefunguliwa tena Aprili 2024, mzuri, una viti, nyasi za bandia, taa, lakini umezungukwa na maduka kama mkanda. Zamani ukitoka mechi ya Express na Villa unamwagika moja kwa moja kwenye vibanda vya nyama choma na radio. Sasa unatoka katikati ya milango ya maduka.

Boda wa Mengo
Ukiwa Express unatoka ukiwa umefungwa, nyama choma ya nini?

Mwana Express
Tafadhali. Tai Wekundu hawajibu matusi.

Mama Kanga
Uwanja ulijengwa upya kwa fedha za mtu binafsi, alitegemea arudishe mtaji kwa nini kama siyo maduka? Afadhali maduka na uwanja kuliko uwanja uliooza.

Mwana Express
Sikatai uwanja. Nasema Park Yard walikuwepo maelfu ya watu wadogo, na walioingia kwenye maduka mapya siyo wale. Hilo hata wewe unalijua.

Mama Kanga
Nalijua.

Msoma Ramani
Nimechelewa, nimesoma yote. Mbili tatu.

Kwanza, kuna taasisi, Cross-Cultural Foundation of Uganda, wameorodhesha na kuchora ramani ya majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja. Kinachosikitisha ni jinsi mengine yanavyovunjwa hata baada ya kuorodheshwa. Ipo Sheria ya Makumbusho na Mambo ya Kale ya 2023. Lakini sheria ya namna hii hulinda jengo lenye jina. Ngome, kaburi, sinema ya Norman pale Kampala Road ambayo ilikuja kuwa kanisa. Mwaka 2022 palipotokea mpango wa kuivunja, watu walipaza sauti. Duka la vitambaa la mtaa wa nyuma nani atalipazia sauti? Na hata ukililinda duka, hulindi fundi aliyekaa mbele yake.

Pili, Mleta uzi anasema baraza ilikuwa ya wote. Kwenye hati ilikuwa wapi? Hilo ndilo swali ninalolitaka lijibiwe. Kama baraza ilikuwa ndani ya kiwanja cha mtu, yule aliyepiga geti la chuma kwa dada Nyuzi Nyeusi alikuwa na haki yake. Kama ilikuwa juu ya hifadhi ya barabara, basi ameuza njia ya umma na jiji linamtazama.

Mjukuu wa Kisenyi
Hili ni zito. Haji?

Haji Mstaafu
Nilivyoelewa kwa wazee, yalikuwepo ya aina zote mbili. Nguzo zikiwa kwenye mstari mmoja mtaa mzima, hiyo ni amri ya mji. Zikiwa zinaingia na kutoka, kila mtu alijenga apendavyo.

Msoma Ramani
Mtaa wa William nguzo zimenyooka upande mmoja, Haji. Upande wa pili hazijanyooka.

Duka la Nakivubo
Nataka kusema juu ya ngazi zile mbili ambazo zinamwangusha dada Fimbo Nyeupe, pole dada. Kwetu zilikuwa na kazi. Mfereji wa Nakivubo ukifurika, maji yanapita barabarani, yanalamba ngazi ya kwanza, yanaishia hapo. Babu zao hao Wahindi waliuona mto ule ulivyo. Plaza za siku hizi zimechimba maduka chini ya ardhi. Mvua ya saa moja, mtu anavuta marobota ya nguo juu ya ngazi huku maji yamefika magotini. Nimevuta na mimi. Anayetoa kibali cha kuchimba chini pembeni ya mfereji ule anafikiria nini?

Fimbo Nyeupe
Asante kwa kunieleza. Basi wangeiinua yote kwa kimo kimoja.

Mchumi Mtaani
Wanachimba kwa sababu kila futi ya mraba inalipa. Tunarudi kwenye kodi. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 inasema kodi ilipwe kwa shilingi isipokuwa mkiwa mmekubaliana vingine, na plaza nyingi "mnakubaliana vingine" siku ya kwanza, kwa dola, la sivyo hupati ufunguo. Angalieni kodi, mtajua kwa nini fundi hayupo. Mengine yote yanafuata nyuma yake.

Boda wa Mengo
Na mimi nasema angalieni Januari 2022.

Kondakta Mstaafu
Miguu.

Nyuzi Nyeusi
Ndugu zangu, mnajibizana vizuri, na kila mmoja amegusa kitu kilichonipata. Kodi ilinipata, korona ilinipata, geti lilinipata, jinzi za China zinanipata kila siku. Lakini nikiulizwa mimi nini kirudishwe kwanza, sitaji jengo. Nataka mahali chini, penye kivuli, ambapo mtu anaruhusiwa kuketi na kufanya kazi ndogo bila kukimbizwa, na alipie ushuru wake halali. Kwenye njia ile ya miguu ya Namirembe na Luwum kuna nafasi. Mistari ingechorwa, fundi hapa, mpita njia pale, dada Fimbo Nyeupe apite bila kugonga meza.

Fimbo Nyeupe
Kwa masharti hayo nakubali. Meza zote upande mmoja, na mstari uwe wa kuguswa kwa fimbo, siyo wa rangi tu.

Mama Kanga
Na mimi ninayelipa kodi ghorofani nishindane na anayelipa ushuru mdogo chini ya dirisha langu? Hapo tutagombana. Hayo ndiyo malalamiko ya wenye maduka tangu zamani, na askari hawakuitwa na hewa.

Nyuzi Nyeusi
Mama Kanga, mimi sishindani na wewe. Wewe unauza shuka, mimi napiga pindo la shuka lako.

Mama Kanga
Wewe sawa. Lakini baada yako atakuja wa soksi, na nyuma ya wa soksi atakuja wa shuka.

Msoma Ramani
Jumamosi naanza kupiga picha nguzo za William, pande zote mbili, na kupima kutoka ukingo wa barabara. Mwenye hati ya zamani au ramani ya kiwanja nyumbani aniandikie faragha. Haji, unaweza kuja?

Haji Mstaafu
Nitakuja baada ya swala ya alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa. Mchana hakuonekani nguzo wala ukuta kwa nguo zilizotundikwa.

Duka la Nakivubo
Mkimaliza William teremkeni na huku kwetu. Kuna baraza nne zimebaki mfululizo na nasikia moja ina mnunuzi.